Binti wa dada yangu amemaliza matibabu ya saratani ya damu, tunataka kumtimizia ombi lake moja kubwa. Naombeni mawazo

#1 Mleta uzi

Habari za humu wakuu. Naandika hapa nikiwa na furaha halafu kichwa kinauma kwa wakati mmoja, kwahiyo mnivumilie maelezo yakiwa marefu.

Dada yangu ana binti wa miaka 8. Alipokuwa na miaka 5 na miezi alianza kuchokachoka, homa haziishi, miguuni ana alama za kuvilia damu hatujui kazitoa wapi, tukasema ni michezo tu huyu mtoto hatulii. Kumbe lukemia. Ile aina inayoitwa ALL, ndo saratani inayowapata watoto zaidi kuliko nyingine zote. Na matibabu yake wakuu si ya mwezi wala miwili, yalienda zaidi ya miaka 2, dripu, vidonge, sindano za uti wa mgongo, kulazwa, kuruhusiwa, homa ikipanda kidogo tu usiku wa manane mnarudi tena wodini mbio. Nywele zimetoka zikarudi zikatoka tena. Damu alikuwa anatolewa mpaka tukaacha kuhesabu, na kila akitolewa mama yake anamshika uso kwa mikono miwili anamwambia "usiangalie sindano, niangalie mimi". Hiyo sentensi nimeisikia mpaka naiota.

Miezi miwili iliyopita daktari akasema dawa basi, sasa hivi ni kuhudhuria kliniki kufuatilia tu. Mimi mwanaume mzima nililia kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama tumefiwa.

Sasa ndugu tumekaa tukasema huyu mtoto kateseka sana, tumfanyie kitu kimoja kikubwa ambacho hatakisahau. Watu wamechanga, kitu kipo. Shida ni ombi lenyewe. Bibi yake anataka sherehe ialikwe familia nzima, mimi mjomba mtu nilishaanza kuulizia safari ya ndege, baba yake anataka anunuliwe baiskeli ile aliyokuwa anaitaka kabla hajaumwa. Mtoto mwenyewe tumemuuliza mara 2. Ya kwanza alisema "chochote". Ya pili akamwangalia mama yake kwanza, halafu ndo akasema "safari".

Hiyo ya kumwangalia mama yake kwanza ndo imeninyima usingizi. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie, mtoto kama huyu unamuulizaje mpaka akwambie anachotaka kweli?

#2 Dereva wa masafa

Hongereni sana mkuu, Mungu amlinde huyo binti. Mimi ushauri wangu mpeni safari, mtoto kupanda ndege hasahau maisha yake yote. Mengine mnajipa mawazo bure.

#3 Nesi wa zamu ya usiku

Mleta uzi pole na hongera kwa pamoja. Nimefanya wodi ya watoto miaka mingi, naomba niongee kidogo.

Kwanza kabla ya ombi lolote muulizeni daktari wake. Kumaliza dawa si kwamba kesho yake kinga imerudi, inachukua miezi. Sisi tunaangalia zile chembe nyeupe zinazoitwa neutrofili, zikishuka chini ya 500 mtoto hatakiwi hata kukaa kwenye mkusanyiko wa watu, huyo wenu najua zimeshapanda lakini bado ile sherehe ya bibi ya kila mtu kuja kumbusu mimi ningeisogeza mbele. Na joto likifika 38 hakuna cha kusubiri asubuhi, hata kama mpo safarini. Kama kuna safari ulizeni pia habari za chanjo, kuna chanjo za virusi hai ambazo hawezi kupewa mapema hivi.

Pili, na hili ndo kubwa. Watoto waliokaa hospitali muda mrefu wanakuwa mabingwa wa kusoma nyuso za wakubwa. Wanajua mama akitoka nje ya mlango anaenda kulia. Wanajua wakisema "siumwi" mama anapumua. Kwahiyo ukimuuliza mbele ya wazazi unataka nini atakupa jibu litakalowafurahisha nyie, na hapo si kwamba anadanganya, anawatunza. Huyo wako alivyomwangalia mama yake alikuwa anatafuta jibu usoni kwake.

Usimuulize mkiwa wengi na usimpe orodha achague. Usiseme "kwa sababu ulikuwa jasiri" kwa maana siku alizolia mtoto anazikumbuka, ataona hizo zimemkosesha kitu. Na usimtajie tarehe. Nimeona mtoto kaahidiwa Jumamosi, Ijumaa kapandisha homa, ile Jumamosi ilimuuma kuliko sindano zote.

#4 Mpenda historia

Hili jambo la kutimizia watoto wagonjwa ombi moja lina asili yake na naona inafaa niiweke hapa maana inajibu swali la mleta uzi.

Mwaka 1980 huko Arizona, Marekani, kulikuwa na mtoto wa miaka 7 anaitwa Chris Greicius, lukemia hiyohiyo, wakati huo dawa zilikuwa zimeshindwa. Yeye alikuwa anataka kuwa askari polisi. Sio kukutana na askari, KUWA askari. Habari zikawafikia askari wa doria wa barabara kuu, Aprili 29 wakamrusha na helikopta mpaka makao makuu yao, wakamwapisha, halafu usiku uleule kuna watu wakakaa wakamshonea sare kamili ya kumtosha mtoto wa miaka 7. Wakampangia na mtihani wa pikipiki kwa kapikipiki kake kadogo ka betri ili astahili beji ya askari wa pikipiki. Mei 3 akafariki. Wenzake, nasema wenzake maana walimhesabu hivyo, walisafiri mpaka Illinois kumzika kwa heshima za kipolisi.

Mmoja wa wale askari aliitwa Frank Shankwitz, baada ya hapo yeye na wenzake wakaanzisha Make-A-Wish, ambayo leo ipo kwenye nchi karibu 50. Na utaratibu wao si kwa watoto wanaokufa tu kama watu wengi wanavyodhani, ni mtoto yeyote kuanzia miaka 2 na nusu mpaka 18 mwenye ugonjwa unaotishia maisha, na wengi wao wanapona wanakua wanaenda zao. Wanaojitolea wanaenda wawili wawili kuongea na mtoto, na wanajua ombi huwa linaangukia kwenye njia chache: kuwa NA kitu, KWENDA mahali, KUKUTANA na mtu, KUWA mtu fulani, na kuna watoto wanaotaka KUMPA mtu mwingine kitu.

Sasa angalia ndugu zako mleta uzi. Nyote mko kwenye "kuwa na" na "kwenda". Hamjafika kwenye nyingine.

#5 Mlipa kodi

Samahanini nitaongea ambalo halitapendwa. Mtoto kapona, tushukuru. Lakini hiyo michango ambayo imepatikana kwa ajili ya ndege na sherehe kuna mtoto kitanda cha jirani yake hajapata dozi. Shirika la Afya Duniani wanasema kila mwaka watoto na vijana kama laki 4 wanapata saratani, kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona, kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Hao asilimia nyingine hawajafa kwa kukosa safari. Wamefia kwenye kuchelewa kupimwa na kukosa dawa. Nilimzika mtoto wa kaka yangu kwa sababu hiyo na sitaki kusema zaidi.

#6 Mleta uzi

#5 pole sana ndugu yangu. Kweli kabisa, na sina hasira na ulichoandika. Nimekaa nacho jana usiku kucha.

Nitakujibu hivi tu. Kwa miaka 2 huyu mtoto hakuna kitu hata kimoja alichoamua yeye. Saa ya kula, saa ya kulala, nani amguse, mkono upi utobolewe, vyote tuliamua sisi na ilibidi. Mimi naona kumpa kitu kimoja ambacho kaamua yeye si anasa. Ila nakubali kwamba hela na ombi si kitu kimoja na sisi tumevichanganya.

#3 dada nesi asante sana, umenifungua macho pale uliposema anawatunza.

#7 Niliyepona

Mimi ndo yule mtoto. Niliumwa nikiwa na miaka 11, sasa hivi mtu mzima nina familia yangu. Nilipomaliza dawa wazazi waliniuliza nataka nini na mimi nikasema nataka kwenda mbuga ya wanyama. Nilisema hivyo kwa sababu wiki moja kabla nilimsikia mama anamwambia shangazi "huyu tungempeleka hata mbugani akafurahi". Tukaenda. Kila mtu alifurahi kwa kweli, mama alicheka siku nzima, kuna picha ipo sebuleni kwao mpaka leo na kwenye ile picha mimi nacheka pia.

Nilichokuwa nataka ni kulala kwa rafiki yangu siku moja bila mama kuja. Basi. Usiku mmoja wa kuwa mtoto wa kawaida ambaye hakuna mtu anamshika shika paji la uso. Sikuthubutu kulisema maana nilijua lingemuumiza.

Sijawahi kumwambia mama na sitamwambia, nimeandika hapa kwa ajili ya huyo binti wenu tu.

#8 Mama wa wawili

#7 umeniliza.

Na mimi niongezee jambo ambalo watu hawalitaji kabisa. Huyo binti ana ndugu? Mimi mwanangu mdogo ndo aliumwa, mkubwa alikuwa na miaka 9, akawa mtoto wa kuachwa kwa majirani, mikutano yake ya shule hakuna mzazi aliyeenda mwaka mzima. Siku mdogo wake analetewa zawadi na watu wa ofisini kwetu huyu mkubwa akajifungia chooni. Nikamkuta anajibana shavu aone kama anavilia damu. Anatafuta kuumwa na yeye. Aisee hiyo picha haijanitoka. Mkimtimizia binti ombi lake mtafuteni na ndugu yake, si lazima apewe kitu, ashirikishwe tu.

#9 Mleta uzi

Yupo kaka yake ana miaka 12. Na nimeona aibu maana kwenye #1 hata sikumtaja.

#10 Mpenda historia

Nirudi kwa #5 kidogo kwa heshima zote. Takwimu zako ni sahihi na uchungu wako una haki. Lakini usidhani ombi ni pambo. Mwaka 2018 hospitali ya watoto ya Nationwide kule Ohio walitoa utafiti wao, walichukua watoto 496 waliotimiziwa ombi wakawalinganisha na 496 wengine wenye magonjwa na umri unaofanana ambao hawakutimiziwa. Wale waliotimiziwa, kulazwa kwa ghafla na kukimbizwa dharura kulipungua zaidi. Sasa hiyo haisemi ombi linatibu saratani, dawa ndo inatibu. Ila mtoto mwenye kitu cha kusubiri mbele anakunywa dawa tofauti na asiye nacho, hilo mzazi yeyote aliyewahi kubembeleza kidonge analijua.

Halafu mkumbuke na yule mtoto wa miaka 5 wa San Francisco, Novemba 15, 2013, waliyemwita Batkid. Huyo alikuwa ameshamaliza matibabu ya lukemia miezi kadhaa nyuma, kama binti wetu hapa. Maelfu ya watu walijaa barabarani kumshangilia akiwa amevaa kinyago anaokoa mji. Miaka 5 baadae ikatolewa habari yuko vizuri, ugonjwa haujarudi. Yaani ombi la anayepona lipo na lina maana yake.

#11 Nesi wa zamu ya usiku

Sawa ila mleta uzi usije ukachukua huo mfano wa San Francisco ukataka maelfu ya watu 😊 yule mtoto alitaka kuwa shujaa, wa kwenu hatujui.

Na lingine nimelikumbuka. Kule Florida kuna kijiji cha kupokea familia za watoto wagonjwa, Give Kids The World, kilianzishwa mwaka 1986 na mzee mmoja mwenye hoteli anaitwa Henri Landwirth, yeye mwenyewe alinusurika kambi za mauaji za Wanazi akiwa kijana. Chanzo chake ni msichana wa miaka 6 mwenye lukemia aliyekuwa aje kukaa hotelini kwake, mipango ya safari ikachukua muda, watu wanapanga wanapanga, mtoto akafariki kabla hajafika. Mzee akasema haitatokea tena mtoto akosewe kwa sababu ya makaratasi. Wa kwenu anaendelea vizuri, ila msikae vikao mpaka mwaka uishe. Nendeni mkamsikilize.

#12 Mleta uzi

MREJESHO

Wakuu nimerudi. Imepita wiki 2 na nusu. Kaeni vizuri.

Nilifata maneno ya dada nesi, sikumuuliza kitu. Jumamosi nikaenda kwao nikamwambia dada na shemeji watoke kidogo nitakaa na watoto. Kaka yake alikuwa anafanya kazi za shule mezani, mimi nimekaa chini sakafuni na binti anacheza na mdoli wake. Ana bomba la sindano lile la plastiki lisilo na sindano, alipewa na nesi mmoja zamani. Akamfunga mdoli kamba mkononi, akampapasa mshipa, akamwambia niangalie mimi. Akavuta. Halafu hiyo "damu" akaitia kwenye kiboksi cha kiberiti akakifunga vizuri akakisukuma chini ya kabati mpaka ukutani.

Nikamuuliza unaipeleka wapi hiyo?

Akasema, "Si huko wanakopelekaga."

Wapi?

Akaniangalia kama vile nimeuliza swali la kitoto. "Sijui. Hata wewe hujui. Nilimuuliza mama akasema wanaenda kupima. Mjomba damu yangu yote ile iko wapi?"

Wakuu sikuwa na jibu. Nikamwambia kweli sijui. Akakaa kimya anamfungua mdoli kamba, halafu akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mimi ningekuwa nachagua kitu chochote ningeenda kuiona."

Nikashindwa hata kujigusa. Kaka yake pale mezani akanyanyua kichwa akasema, "Na mimi nataka kuona. Nilidhani wanaitupa."

Ndo hilo. Ombi lake ni kwenda kuona damu yake inakoenda. Nilipomwambia dada alikaa kitandani dakika nzima hajaongea. Bibi yake bado hajaelewa, anasema mtoto katoka hospitali juzi anarudishwaje tena hospitali kwa furaha.

#13 Dereva wa masafa

Bibi ana hoja lakini. Ombi gani hilo jamani, maabara? Si afadhali hata ile kengele, nimeona kuna hospitali mtoto akimaliza dawa anagonga kengele watu wanapiga makofi.

#14 Niliyepona

Hapana mkuu, hilo ombi mimi nimelielewa mara moja. Wewe hujawahi kuwa kitu cha kupimwa. Unatolewa, inaandikwa jina lako kwenye kichupa, inaondoka, halafu baada ya saa kadhaa watu wanarudi na nyuso. Nyuso zikiwa nzuri mnaenda nyumbani, zikiwa mbaya mnabaki. Kuna mahali huko kuna mtu anaamua na hujawahi kumuona. Mimi ningekuwa na miaka 8 tena na ningekuwa na akili za huyo binti ningeomba hivyohivyo.

Kengele ni nzuri, ilianzia Houston mwaka 1996, afisa mmoja wa jeshi la majini aitwaye Irve Le Moyne alipomaliza mionzi yake alileta kengele ya shaba akaigonga ikabaki pale. Lakini ilikuwa wazo LAKE, kwa sababu kwao melini ukimaliza kazi unagonga kengele. Ndo maana ilikuwa na nguvu.

#15 Mtu wa maabara

Nimesoma huu uzi toka mwanzo hadi mwisho wakati nipo zamu. Miaka yote hii hakuna mtoto aliyewahi kuuliza habari zetu. Naomba niwasaidie mambo ya kupanga maana maabara si sehemu ya kuingia tu.

Muone daktari wake kwanza, yeye ndo azungumze na mkuu wa maabara. Pangeni siku ambayo tayari ana kliniki na damu itatolewa hata hivyo, asitobolewe kwa ajili ya ombi. Iwe jioni sampuli zimepungua. Vichupa vya wagonjwa wengine vina majina, vitolewe machoni, hiyo ni siri ya watu. Koti, glavu, miwani ya kukinga macho, na asiguse kitu kibichi. Rangi tunazotumia zinachafua vibaya, hilo mama ajue mapema.

La muhimu kuliko yote: mtu wa maabara aiangalie slaidi na daktari aone majibu KABLA mtoto hajakaa kwenye hadubini. Msije mkakutana na habari mbaya pamoja na yeye. Na msimfundishe kwamba slaidi moja ndo inasema amepona, daktari anaangalia mambo mengi. Mwambieni tu ukweli wa hiyo slaidi ya siku hiyo.

#16 Mlipa kodi

Mleta uzi niliandika kwa uchungu ila nafuatilia. Hili ombi sina neno nalo. Utupe mrejesho.

#17 Mleta uzi

MREJESHO WA MWISHO

Tulienda juzi. Nilisubiri kidogo nitulie ndo niandike.

Daktari alikubali siku ileile, alisema angekuwa na muda angekuja mwenyewe na kweli alikuja. Tulikuwa watu 5, binti, kaka yake, dada, shemeji na mimi. Koti la maabara dogo halikuwepo, mama mmoja wa pale alilipunguza la kwake kwa pini mikono ikakunjwa mara 3, binti akawa anatembea kalishika mbele lisimwangushe. Nikamkumbuka yule mtoto wa Arizona aliyeshonewa sare usiku. Alipewa kitambulisho cha karatasi kimeandikwa jina lake na chini yake MKAGUZI.

Damu ilishatolewa kliniki kile kichupa cha kifuniko cha zambarau, na safari hii alikibeba yeye mwenyewe kwenye kiboksi, kutoka kliniki, korido yote, ngazi, mpaka mlango wa maabara. Alikuwa anatembea taratibu kama kabeba yai. Mlangoni akasimama akasema, "Kumbe ni karibu hivi."

Wakampokea wakaandika kwenye daftari muda alioingia, akasaini. Wakamwonesha mashine inayohesabu, ikanyonya damu kidogo baada ya muda ikatoa karatasi. Kaka yake ndo alikuwa anasoma namba kwa sauti na mtaalamu anaeleza kila moja. Walipofika kwenye neutrofili akasema, "Hizi nazijua, zikiisha siruhusiwi kutoka."

Halafu wakaweka tone moja kwenye kioo, wakalivuta na ukingo wa kioo kingine likawa kama ulimi wa rangi ya waridi mwembamba huku mwisho, wakalikausha, rangi, maji, mtaalamu akaipitia slaidi yote kwanza na daktari akaona, ndo wakampandisha kwenye kiti kirefu. Alichukua muda kuona, macho yake mawili hayakubali kwenda pamoja, mtaalamu akamwambia funga moja kwanza. Akafunga. Akanyamaza. Halafu akavuta pumzi hivi.

"Ziko nyingi."

Mtaalamu akamwambia hizo za waridi zilizofifia katikati ndo nyekundu zinabeba hewa, hivyo vidoti vidogo ni chembe sahani zinaziba kidonda, sasa mtafute mwenye zambarau ndani. Akasogeza kidogo kidogo. Akampata. Alikuwa na kiini cha vipande 3 vimeshikana kama shanga. Akaambiwa huyo ndo neutrofili.

"Hawa ndo walikuwa wanaisha?"

Ndio.

"Na wale wabaya wako wapi?"

Humo ndani hakuna aliyekohoa. Yule mtaalamu hakukimbilia kujibu, alivuta kiti akakaa wakawa sawa kwa urefu, akamwambia, nimepita slaidi yako yote kabla hujakaa hapa nimewatafuta, leo sijamwona hata mmoja.

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Kweli kweli, hakuigiza, alianza upande mmoja akaenda mpaka mwisho anasogeza na kidole, mimi nilihesabu matofali ya ukutani. Dada alikuwa kashika bega la kaka yake mtu. Akatoa macho kwenye hadubini akasema, sijamwona.

Binti akatikisa kichwa kama mkubwa aliyepokea taarifa ya kazi. Akauliza zile damu zote za zamani ziko wapi, akaambiwa ukweli kwamba vichupa huwa havikai sana, vinateketezwa kwa usalama, lakini slaidi za uboho wake wa mwanzo zimetunzwa na zitaendelea kutunzwa, zina namba yake. Akataka kuona kabati tu, si slaidi. Akaoneshwa kabati. Akaweka kiganja kwenye droo kidogo akatoa.

Kuhusu hela, #5, tumekubaliana nyingi zibaki za kliniki zake miaka inayokuja maana kufuatiliwa ni miaka, na sehemu imeenda kwa mtoto wa kitanda cha jirani, unajua ni kwa maneno yako. Bibi atapata sherehe yake daktari akiruhusu. Kaka yake hakutaka kitu, aliomba tu ile karatasi ya namba, kaibandika juu ya kitanda chake.

Sasa tunajiandaa kutoka, binti kasimama mlangoni na koti lake anasema bado. Anataka kulinganisha. Anataka aone na damu ya mtu ambaye hajawahi kuumwa ikoje. Wote wakaniangalia mimi. Daktari akacheka akasema kama mjomba anaridhia.

Wakuu mimi sindano naziogopa tangu mtoto na huyu binti anajua. Nikakaa kwenye kiti, nikakunja shati, mtaalamu akafunga ile raba. Binti akaja mbele yangu na glavu zake kubwa, akanishika uso kwa mikono miwili akasema, "Usiangalie sindano. Niangalie mimi."